Msalaba Uliokuwa Fedha

Katika nchi ya Kolwezi, msalaba ni mkongwe kuliko kanisa. Kabla padri wa kwanza hajafika Katanga, mafundi wa kuyeyusha shaba walikwisha kuumimina katika kalibu za udongo kwa karne nyingi. Haukuwa na habari yoyote ya Yesu. Ulikuwa kipande cha shaba chenye mikono minne, mara nyingi karibu sawa kwa urefu, na watu waliutumia kulipia mahari, kutolea kodi kwa mkubwa na kununulia bidhaa za mbali. Wabelgiji walipouona waliuita kijisalaba, na jina hilo la Kifaransa, croisette, limeshika mpaka leo.

Kapata, mtaa wa wafanyakazi uliojengwa kwa ajili ya watu wa kampuni ya madini ya Gécamines kusini-magharibi mwa mji wa Kolwezi, umo katikati ya nchi hiyo. Jirani yake yako mashimo ya Dikuluwe na Mashamba, na Ziwa Malo ambako wachimbaji wadogo wamekuwa wakiosha mawe yao. Mkatoliki wa hapa anapompelekea padri msalaba wake ili aubariki, anafuata desturi iliyotoka Roma. Lakini katika ardhi anayoikanyaga, msalaba wa shaba ulikuwa na wazee wake, dawa zake na miiko yake tangu zamani.

Ushahidi wa kale uko makaburini. Mwaka 1957 na 1958, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba Sanga, katika bonde la Upemba kaskazini mwa Kolwezi, na miaka ya 1970 Pierre de Maret akaendeleza kazi hiyo. Katika makaburi ya kuanzia karne ya 13 na 14, misalaba ya shaba ni michache na mikubwa, imewekwa pamoja na maiti kama kitu cha heshima. Kadiri karne zinavyosogea, inazidi kuwa midogo, mingi na ya vipimo vinavyokaribiana, ikilazwa mikononi au kiunoni, pengine kwa mafungu. De Maret aliona humo safari ya kitu cha ibada kugeuka fedha. Wareno walioleta Ukristo walifika mlangoni mwa mto Kongo mwaka 1483 hivi. Wakati huo makaburi ya kwanza ya namna hii yalikwisha kufukiwa zamani.

Shaba hiyo ilivuta watu kutoka mbali. Mwanzoni mwa karne ya 19, wafanyabiashara wawili kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walipita Katanga na kuona vilima vya mawe ya kijani yaliyochimbwa shaba. Kutoka mashariki walikuja Wasumbwa na Wanyamwezi wa Tanzania ya leo. Kalasa, baba yake Msiri, alikuwa mmoja wa wafanyabiashara hao wa shaba. Mwanawe alihamia moja kwa moja, akajenga mji wake Bunkeya na kuitawala nchi hadi Desemba 1891, alipouawa na ofisa wa msafara wa Kizungu ulioongozwa na Stairs. Waliochimba na kuyeyusha shaba hiyo ndio waliopata jina la wala shaba.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kiangazi, baada ya mavuno ya mtama. Wanaume waliteremka mashimoni na sururu za chuma; wanawake na watoto waliokota na kuchambua malakaiti, lile jiwe la kijani. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, makaa yakachomwa kutokana na miti migumu, mivukuto ikapulizwa usiku na mchana. Fundi mkuu hakuwa mtu wa moto tu. Alikuwa na dawa za mizizi na magome, aliwaita kwa majina mafundi waliokufa, na kama ilivyokuwa kwa wayeyushaji wengi wa Afrika ya Kati, yeye na wenzake walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Shaba ikikataa kushuka, hakulaumiwa mtu wa mivukuto peke yake. Iliulizwa nani amevunja mwiko. Ufundi huo haukufundishwa kila mtu. Aliyetaka kuujua aliingizwa kwanza katika chama cha mafundi.

Aliyeandika kwa kirefu juu ya mambo haya alikuwa, ajabu, mtawa wa Kikatoliki. Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini wa abasia ya Saint-André huko Bruges, alifika Katanga mwaka 1910 kuwa mkuu wa misheni mpya, akawa baadaye vikari wa kitume mpaka kufa kwake mwaka 1958. Mwaka 1926 alichapisha makala ndefu kuhusu wala shaba wa Katanga, ambayo wanahistoria wanaitegemea mpaka sasa. Tanuri za wazee zilikuwa zimezimika, kwa kuwa kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa ikiyeyusha shaba Lubumbashi tangu 1911. Basi mtu yuleyule aliyebariki misalaba ya kanisa ndiye aliyehifadhi kwa maandishi namna ile nyingine ilivyozaliwa.

Baraka aliyokuja nayo ilikuwa na utaratibu wake. Kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614, chini ya Papa Paulo V, kilikuwa na sala za kubariki msalaba: padri anauombea, anaunyunyizia maji ya baraka, kisha katika namna ya fahari anapiga magoti na kuubusu, na waamini wanamfuata. Baraka ya fahari ya msalaba wa hadharani ilikuwa haki ya askofu, ingawa aliweza kumpa padri ruhusa. Kitabu kipya cha baraka, kilichotolewa mwaka 1984 baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kimeongeza maandamano, masomo ya Biblia, ubani na sala ya watu wote.

Si Wakristo wote wa Katanga walioukubali utaratibu huo. Frederick Stanley Arnot, mmisionari wa kwanza kukaa Bunkeya, alifika Februari 1886, naye alikuwa wa Ndugu wa Plymouth, watu wasio na padri wala desturi ya kubariki vitu. Kanisa lililotokana nao, ambalo wenyeji wanaliita Garenganze, lilihubiri msalaba bila kuunyunyizia maji.

Kwa Wakatoliki nao lilibaki swali: kinachobadilika ni nini, kitu au mtu? Kanisa linafundisha kwamba kitu kilichobarikiwa ni kisakramenti, na kazi yake hutokana na sala ya Kanisa na imani ya anayekitumia. Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefanya kazi kati ya Waluba, aliandika mwaka 1945 katika kitabu chake cha falsafa ya Kibantu kwamba kwa watu hao kuwapo ni kuwa na nguvu, na nguvu hiyo huongezeka au hupungua. Mwaka 1953 alihamia kuhudumia wafanyakazi wa migodi ya Ruwe, karibu na Kolwezi, na huko likazaliwa kundi la Jamaa, la waume na wake waliosali na kufundishana pamoja. Mfanyakazi wa kambini aliyewahi kusikia habari za dawa za tanuri alikuwa na kila sababu ya kuielewa baraka ya padri kama nyongeza ya nguvu.

Siasa nayo iliutaka msalaba. Katanga ilipojitenga Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, bendera yake ilibeba misalaba mitatu ya shaba, na sarafu zake za mwaka 1961, za faranga 1 na 5, zilikuwa na mkungu wa ndizi upande mmoja na msalaba huo upande wa pili. Msalaba ukarudi kuwa fedha, safari hii kwa picha. Kolwezi ndiyo iliyokuwa ngome ya mwisho ya Tshombe. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia Januari 1963.

Rais Mobutu alifuata njia nyingine. Jimbo akaliita Shaba, na katikati ya miaka ya 1970, katika ugomvi wake na Kanisa, serikali iliamuru misalaba iondolewe mashuleni na hospitalini, na picha yake itundikwe. Makanisani haikufika amri hiyo.

Leo shaba ya Kolwezi husafirishwa kwa malori ikiwa mabamba bapa, na misalaba ya shaba ya kufuliwa na ya malakaiti huuzwa na mafundi wa Lubumbashi kwa wageni na kwa waamini. Hapo ndipo misalaba miwili inapoachana. Ule wa wala shaba ulitengenezwa ili upite mikononi, kutoka kwa mkwe hadi kwa mkwe. Sheria ya Kanisa, kwa upande wake, inakataza biashara ya baraka, na kanuni za mwaka 1917 zilisema wazi kwamba rehema iliyofungamanishwa na rozari au kitu kama hicho hutoweka kikiuzwa. Kwa hiyo mnunuzi hupatana bei na fundi kwanza, hulipa, kisha ndipo huupeleka msalaba wake kwa padri.