Safu ya Lugha: Si kila kisanduku ni dekoda

Rumonge na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, dekoda, neno tulilolitoa katika Kifaransa, siku hizi hubandikwa kila kisanduku kilichokaa kando ya televisheni. Si sahihi. Dekoda ndiyo king'amuzi, jina lililoenea Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012. Kung'amua ni kutambua kisichoonekana wazi. Nacho king'amuzi hung'amua mawimbi ya dishi au antena.

Lakini kuna kisanduku kingine kipya kisicho na tundu la waya wa dishi. Huvuta picha kwa Wi-Fi. Basi kiiteni kisanduku cha intaneti. Muuzaji akisema "dekoda", mwulize kwanza: inataka dishi au kifurushi cha intaneti? Jibu lake ndilo litakalokuonyesha utalipia nini kila mwezi.