Miaka 100 ya Ising na mchemraba uliowashinda wakubwa

Mwaka 1925 jarida la Zeitschrift für Physik la Ujerumani lilichapisha makala fupi ya kijana wa miaka 24, Ernst Ising, kuhusu sumaku. Makala hiyo sasa imetimiza karne, na ni vigumu kumpata mwanafizikia wa leo asiyelijua jina lake. Cha ajabu, mwenye jina alikaa zaidi ya miaka 20 bila habari kwamba anajulikana.

Swali lenyewe ni la kawaida kabisa. Msumari wa chuma ukipashwa moto kupita nyuzijoto 770 hivi, sumaku haiushiki tena. Ukipoa, unashikika. Kwa nini badiliko lije ghafla, lisije polepole?

Mwaka 1920 mwanafizikia Wilhelm Lenz alipendekeza tukichukulie chuma kama vijisumaku vilivyojipanga, kila kimoja kikielekea juu au chini tu na kikivutana na jirani zake. Huko Hamburg akamkabidhi mwanafunzi wake kazi ya kupiga hesabu. Ising akavipanga kwenye mstari mmoja, akakuta badiliko la ghafla halipo. Katika mstari, safu nzima ya upande mmoja inaweza kugeuka kwa kukata kiungo kimoja tu, kwa hiyo hata joto dogo linatosha kuvuruga mpangilio. Hadi hapo alikuwa sahihi. Kisha akadai kwamba kwenye mchemraba mambo ni yale yale, na hapo akateleza. Ndani ya mchemraba kila kijisumaku kina majirani sita. Ukitaka kugeuza kundi, lazima ukate viungo vyote vya uso wake, na kundi likikua gharama nayo inapanda.

Mwanafizikia Heisenberg alipotoa nadharia yake mwenyewe ya sumaku mwaka 1928 aliitaja hesabu ya Ising kama njia iliyogonga ukuta. Rudolf Peierls akaifufua mwaka 1936 kwa kuonyesha kwamba kwenye mraba, yaani vijisumaku vikitandazwa bapa, badiliko lipo. Mwaka 1944 Lars Onsager akautatua mraba kikamilifu.

Ising hakuwa na nafasi ya kufuatilia. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1933 Wanazi walipoingia madarakani alifukuzwa ualimu. Akahamia shule ya bweni ya watoto wa Kiyahudi huko Caputh, jirani na nyumba ya mapumziko ya Einstein, hadi Novemba 1938 wahuni walipoivamia na kuiharibu. Mwaka uliofuata akakimbilia Luxembourg na familia yake. Jeshi la Ujerumani likaingia huko tarehe 10 Mei 1940, siku ileile aliyotimiza miaka 40. Baadaye akalazimishwa kung'oa reli huko Lorraine. Ndoa yake na mke asiye Myahudi ndiyo iliyomwokoa asipelekwe kambini. Mwaka 1947 alifika Marekani, na mwaka 1949, alipokuwa akifundisha Peoria, Illinois, ndipo akagundua kupitia majarida kwamba kazi yake ya ujana imekuwa gumzo.

Ising mwenyewe aliwahi kuandika kwamba wazo la modeli hii lilikuwa la Lenz na jina la mwalimu lingestahili kutangulia. Wachache walimsikiliza. Kwangu hilo ni deni: vitabu vinavyolipa jina la mwanafunzi kurasa nzima vinampa mwalimu nusu sentensi.

Na mchemraba? Kenneth Wilson alipata Nobel mwaka 1982 kwa nadharia ya mabadiliko ya namna hii, iliyotoa mbinu za kuukaribia. Kompyuta nazo zimelipata joto la badiliko, takriban 4.5115 katika vipimo vya modeli. Kwa mraba ipo fomula kamili, inayotoa takriban 2.269. Kwa mchemraba, ambao una urefu, upana na kina kama vitu tunavyovishika mkononi, fomula ya namna hiyo bado haijapatikana. Mwaka 2007 mtafiti mmoja alitangaza ameipata katika Philosophical Magazine; mwaka uliofuata wataalamu, akiwemo Michael Fisher, walijibu katika jarida lilelile kwamba matokeo yake yanagongana na hesabu zilizokwisha thibitishwa.