Historia ya Tone la Damu

Msimamizi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: kaswende, kipimo, zahanati. Wote tuyasome kwa sauti, mara mbili. Vema sana.

Somo letu la leo ni la historia. Si historia ya wafalme, wala si ya vita. Ni historia ya tone moja la damu, na ya safari yake ndefu mpaka kufika katika zahanati ya kijiji.

Kaswende ni ugonjwa wa zinaa. Wazee wengine huuita sekeneko. Huanza kwa kidonda ambacho mara nyingi hakiumi. Kidonda hicho hupona chenyewe, na mtu hudhani amepona. Sivyo. Ugonjwa umejificha mwilini kama moto ndani ya majivu. Mja mzito aweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni, na mtoto huyo aweza kuzaliwa mfu au mgonjwa. Na mama mwenyewe huenda haoni dalili hata moja. Basi atajuaje?

Mwaka wa 1905, katika mji wa Berlin, Ujerumani, Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann walikiona kijidudu cha kaswende. Ni chembamba, kimejisokota kama uzi. Mwaka uliofuata, 1906, August von Wassermann na wenzake walieleza njia ya kuutambua ugonjwa huo kwa kupima damu. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ngumu: ilihitaji chembe za damu ya kondoo, maji ya damu ya simbilisi, na fundi hodari wa maabara. Tena kipimo kiliweza kukosea. Mwenye malaria au ukoma aliweza kuonekana ana kaswende. Mwenye buba vile vile, kwa kuwa kijidudu cha buba na cha kaswende ni ndugu.

Na dawa? Mwaka wa 1910 ilianza kuuzwa dawa ya Paul Ehrlich, iliyotengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu. Mgonjwa alipigwa sindano nyingi. Kisha mwaka wa 1943, huko Marekani, John Mahoney na wenzake waliwatibu wagonjwa wanne wa kaswende kwa penisilini. Tangu hapo dawa nzuri ipo. Lakini, ndugu zangu, dawa haimtafuti mgonjwa. Lazima mgonjwa ajulikane kwanza.

Baada ya vita, vipimo vilifanywa kuwa rahisi kidogo. Hata hivyo vilitaka mashine ya kuzungusha damu, umeme, na jokofu la kutunzia dawa za kupimia. Zahanati nyingi za mashamba hazikuwa na vitu hivyo, kwa hiyo damu ilipelekwa mjini.

Sasa fikirini mama mmoja. Ameondoka nyumbani alfajiri, ametembea mpaka zahanati, ametolewa damu. Anaambiwa, "Jibu njoo wiki ijayo, mama." Wiki ijayo ni wakati wa kupalilia. Mtoto wake mwingine ana homa. Hakurudi. Jibu lake limelala mezani, na dawa imelala kabatini. Je, kosa ni la nani? Zungumzeni dakika mbili.

(Muziki.)

Haya, tuendelee. Jambo hili si dogo. Katika utafiti wa Mwanza, uliochapishwa mwaka wa 2002, kati ya waja wazito wenye kaswende kali ambayo haikutibiwa, karibu mmoja katika kila wanne alizaa mtoto mfu. Lakini waliopewa dozi moja tu ya penisilini wakati wa mimba hawakuwa katika hatari zaidi ya wanawake wasio na ugonjwa.

Ndipo wataalamu wakatafuta kipimo kisichohitaji mashine wala jokofu, nacho kikapatikana. Ni kijibao kidogo chenye karatasi maalumu ndani yake. Muuguzi humchoma mama kidole, huweka tone la damu na matone ya dawa, kisha husubiri dakika 15 mpaka 20. Mstari mmoja, kaswende haikuonekana. Mistari miwili, imeonekana alama yake. Karibu na mwaka wa 2010 vipimo hivi vilijaribiwa katika kliniki za nchi saba: Tanzania, Uganda, Zambia, China, Brazil, Haiti na Peru. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri waja wazito wapimwe kwa kijibao kimoja kinachoonyesha kaswende na virusi vya UKIMWI pamoja.

Tusikisifu kupita kiasi. Mwili ukipigana na kaswende hutengeneza askari wake, na askari hao hubaki hata baada ya mtu kupona. Kijibao huwaona askari, hakimwoni adui. Kwa hiyo mtu aliyepona zamani aweza kuonyesha mistari miwili. Wala kijibao hakisemi ugonjwa uliingia lini, au ni nani aliyeuleta nyumbani. Mume na mke wasigombane kwa ajili ya mistari miwili. Waende wote wawili wakatibiwe, kwani akitibiwa mmoja tu, mwingine atamwambukiza tena.

Na jambo la mwisho: kipimo bila dawa ni kama taa bila mafuta. Zahanati yenye vijibao lakini haina penisilini bado haijamwokoa mtoto.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini mama aweza kuwa na kaswende bila kujua?
2. Kipimo cha 1906 kilihitaji nini?
3. Kwa nini ni vizuri jibu na dawa vipatikane siku ile ile?
4. Andika sentensi mbili kuhusu zahanati iliyo karibu nawe.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.