Daktari wa Mlangoni

Wazee walisema, ajali haina kinga. Neno hilo ni kweli, lakini tusilifanye kuwa udhuru. Ajali nyingine hatuwezi kuzizuia, bali mtu aliyekwisha kupatwa nayo aweza kusaidiwa. Na uhai wake hutegemea sana ni nani atakayempokea afikapo mlangoni pa hospitali. Swali hilo la nani atakayempokea lilichukua miaka mingi kujibiwa, nayo habari ya jinsi lilivyojibiwa yafaa kujulikana na kila apendaye elimu.

Tuanze Marekani, katika miaka ya 1950. Nchi ile ilikuwa na hospitali kubwa na madaktari bingwa wa moyo, wa mifupa na wa macho. Lakini chumba cha dharura, ambamo huletwa waliogongwa na motokaa, walioungua moto na walioshikwa na maradhi ghafula, hakikuwa na mwenyewe. Katika hospitali nyingi kazi ya humo ilifanywa kwa zamu: leo daktari wa fani hii, kesho wa fani ile, na mara nyingi kijana aliyetoka masomoni juzi tu. Mgonjwa aliye hatarini kuliko wote ndiye aliyeangukia mikono isiyozoea kazi.

Mwaka 1961, katika mji wa Alexandria, jimbo la Virginia, daktari James Mills na wenzake waliacha kazi zao za kujitegemea, wakakishika chumba cha dharura cha hospitali ya mji huo usiku na mchana, siku zote saba za juma. Tangu hapo mgonjwa aliyefika saa yoyote alimkuta daktari ambaye kazi yake ndiyo hiyo.

Miaka mitano baadaye, yaani 1966, wataalamu wa Akademia ya Taifa ya Sayansi walitoa taarifa iliyowashtua watu wengi. Walionyesha kwamba katika mwaka 1965 ajali ziliua watu 107,000 nchini humo, na kuwaacha wengine 400,000 na vilema vya kudumu. Tena walieleza ya kuwa karibu nusu ya huduma za magari ya wagonjwa ilikuwa mikononi mwa watu ambao kazi yao hasa ilikuwa kuzika maiti, kwa kuwa magari yao yaliweza kumlaza mtu. Fikiri, msomaji: gari lililomchukua majeruhi ndilo lililochukua majeneza!

Haja ya mafunzo ikawa dhahiri. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Cincinnati kilianza kuwafundisha madaktari ubingwa wa tiba ya dharura, na mwanafunzi wa kwanza alikuwa Bruce Janiak. Hata hivyo, mabingwa wa fani nyingine hawakukubali upesi. Walisema kwamba kazi hiyo haina elimu yake yenyewe: imeokota kidogo kwa wapasuaji, kidogo kwa waganga wa watoto, kidogo kwa waganga wa moyo. Mwaka 1977 ombi la madaktari wa dharura la kutambuliwa kuwa fani kamili likakataliwa.

Wangeweza kukasirika na kulaumu. Badala yake walikubali kupimwa. Wakishirikiana na wataalamu wa elimu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, walitunga mtihani wa namna mpya. Mbali na maswali ya kuandika, mtahini alimweleza mtahiniwa habari za mgonjwa aliyeletwa sasa hivi. Mtahiniwa akasema atakalolifanya kwanza, naye mtahini akamjibu jinsi hali ya mgonjwa ilivyogeuka, kana kwamba mgonjwa yupo mbele yao. Mwaka huo huo wa 1977 mtihani ulijaribiwa kwa wanafunzi wa udaktari, kwa madaktari waliokuwa wakijifunza tiba ya dharura, na kwa wale waliokwisha kuizoea kazi. Matokeo yaliwatenga wazi wanafunzi na wale waliofunzwa kazi hiyo. Basi ilidhihirika kwamba yapo maarifa ya chumba cha dharura ambayo mtu hayapati kwa kuwa daktari tu. Hana budi kufundishwa. Mwaka 1979 tiba ya dharura ikakubaliwa, nayo ikawa fani ya 23 ya ubingwa nchini Marekani.

Elimu hiyo haikubaki ng'ambo. Mwaka 2010 idara ya tiba ya dharura ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kuwafunza mabingwa wa fani hiyo, wa kwanza kufunzwa katika Tanzania. Mwaka 2013 kundi la kwanza lilihitimu.

Twajifunza nini? Mills na wenzake waliona mlango usio na mlinzi, wakasimama hapo. Waliowafuata walipoambiwa kwamba hawana elimu, walitoa ushahidi wa kupimika. Nawe msomaji, siku moja huenda ukaiona kazi ya lazima ambayo hapana aitakaye. Usiidharau, kwanza uifanye, kisha uichunguze, kisha uwafundishe wengine.