UZI: Kiwanja cha ndege cha Mackinnon Road, na swali la ardhi ndege zikishaondoka

1/ Msimu wa kampeni hapa Pwani hukosi kusikia mawili: "tutawaletea uwanja wa ndege" na "ardhi yenu imechukuliwa". Kuna mji mmoja unaofundisha yote mawili. Simtaji mwanasiasa wala chama. Twende taratibu.

2/ Ukipanda basi Mwembe Tayari kwenda Nairobi, ukishapita Mariakani, Samburu na Taru, unafika Mackinnon Road. Wengi tunapajua kwa ule msikiti wa Sayyid Baghali kando ya reli, wasafiri husimama kuswali. Wachache wanajua kwamba ndege za vita zilikuwa zikitua pale.

3/ Aprili 1942 Wajapani walishambulia Colombo na Trincomalee, Ceylon. Manowari za Waingereza zikarudi nyuma mpaka Kilindini. Sasa, meli ya kubeba ndege ikiwa bandarini, ndege zake lazima zipate pa kutua na marubani pa kufanyia mazoezi. Ndipo vikatumika viwanja vya Port Reitz, Mackinnon Road, Voi na Tanga.

4/ Tishio likapungua, manowari zikarudi mashariki. Port Reitz iko karibu na mji na bandari, kwa hivyo kazi haikuisha: ndiyo imekua ikawa uwanja wa kimataifa tunaoujua leo. Mackinnon ni nyika ya Taru, maji yenyewe taabu. Wanajeshi wakiondoka, nani apande ndege?

5/ Halafu 1947 matumaini yakarudi. Uingereza ilikuwa imepoteza India, inajiandaa kutoka Palestina, na Misri haina uhakika nayo. Ikaamua kujenga ghala kubwa la jeshi hapo Mackinnon. Pesa nyingi zikamwagwa porini. Miaka michache tu, hazina yao finyu, mkakati umebadilika, mpango ukaachwa.

6/ Mwaka 1954, baada ya Operesheni Anvil kule Nairobi, Mackinnon Road na Manyani zikawa kambi za kuwazuilia watu waliotuhumiwa kuwa Mau Mau, maelfu yao bila kesi. Kutoka ndege, ghala, mpaka kambi ya mateso. Na mara zote tatu, wenyeji hawakuulizwa.

7/ Funzo la kwanza: kiwanja hakifi kwa sababu lami imepasuka. Kinakufa kwa sababu shughuli iliyokileta ilikuwa ya mtu mwingine, na mwenyewe amehama. Ukiahidiwa uwanja, usiulize utafunguliwa lini. Uliza nani atasafiri, mzigo gani utabebwa, na ukarabati utalipwa na nani.

8/ Na si mambo ya wakoloni peke yao. Treni ya SGR ilipoanza 2017, stesheni za abiria upande huu zikawa Mariakani, Miasenyi na Voi. Mackinnon, mji uliozoea reli, ukaachwa unatazama behewa zikipita.

9/ Funzo la pili ni ardhi. Leo Kwale na Taita Taveta zinavutana juu ya mji huu: nani atoze ushuru, nani ahudumie watu. Jukwaani utaambiwa "nichagueni, nitaurudisha". Bana, Kifungu cha 188 cha Katiba kinataka tume huru ipendekeze kwanza, kisha thuluthi mbili ya Bunge la Taifa na thuluthi mbili ya kaunti katika Seneti. Gavana hana kalamu hiyo. Mbunge peke yake pia hana.

10/ Mimi ni mkaazi wa Buxton. Hapa 2021 tuliona nyumba za zamani za kaunti zikibomolewa, na mabishano yake mnayajua. Mji tofauti, swali moja: mali ya umma ikimaliza kazi yake ya kwanza, nani anaamua kazi ya pili?

11/ Kwa hivyo akija mtu na ramani nzuri, msimpigie makofi kabla hajajibu matatu: hati iko kwa jina la nani? Wenyeji wameulizwa wapi na lini? Mradi ukikwama, ardhi inarudi kwa nani? Akijibu yote, mpigieni. Akicheka tu, mmeshajibiwa.