Nani Alileta Injili Murungu?

Ukiwauliza swali hili watu wa vitabu, watakujibu haraka. Watakutajia misafara, majina ya Wazungu na miaka. Bibi yangu, aliyezaliwa Murungu, huku Kibondo, na akazikwa Murungu, alikuwa na jibu lake moja tu: "Ililetwa na mwizi." Akishasema hivyo ananyamaza, anaendelea kumenya mihogo yake, anakuacha uhangaike mwenyewe.

Nilipokuwa mtoto nilidhani ni utani wa wazee. Nikaja kuelewa ukubwani, wakati wazee wa kanisa waliponiomba niandike kurasa chache za historia kwa ajili ya jubilei. Niliandika habari ya mwizi wa Bibi, nikawapelekea. Wakaisoma, wakatazamana, mmoja akaniambia kwa upole kabisa: "Kijana, hii itoe. Wageni watatuonaje?" Nikaitoa. Kijitabu kikachapishwa kikiwa na picha za jengo na orodha ya viongozi. Basi leo naiandika hapa ile niliyoambiwa niitoe.

Kwanza tuseme haki ya vitabu, maana havisemi uongo. Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka London walifika Ujiji mwaka 1878. Mapadre Weupe wa Kikatoliki waliwafuata Januari 1879. Lakini Ujiji iko chini ufukweni, sisi tuko juu milimani, na wageni wale walielekeza macho ziwani. Mapadre walikwenda Rumonge, katika Burundi ya leo, na baadaye Karema. Uha yenyewe ilikuwa na sifa yake kwa wapita njia. Stanley alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871 alikatiza nchi yetu, akadaiwa hongo ya vitambaa, akalipa, akadaiwa tena mbele kidogo, mpaka akaona heri atoroke na msafara wake usiku usiku. (Mimi Muha nikifika hapo huwa nacheka kidogo. Mnisamehe.)

Katika historia hiyo ya ziwani mtu ninayempenda ni Adriano Atiman. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, kule Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomeshwa uganga wa kizungu Malta, akaja Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1880. Alikaa Karema akitibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Hebu fikiria: mtu anafunga kidonda cha jirani yake leo, kesho anamfundisha sala, na maisha yote yanakwisha hivyo.

Upande wa Waanglikana, Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, askofu wake wa kwanza akiwa George Chambers kutoka Australia. Mwaka 1966 watu wa magharibi tukapata yetu, Western Tanganyika, makao yake Kasulu, chini ya Askofu Musa Kahurananga, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Tanzania. Haya yote yamo kwenye kijitabu cha jubilei. Kisichokuwemo ni namna neno lilivyotoka kituoni kwa wamisionari likafika kwenye uwanja wa nyumba ya mwanamke asiyejua kusoma.

Lilifika kwa miguu. Watu wa Buha ni watembezi toka zamani. Kulikuwa na njia za chumvi kwenda Uvinza. Zikaja njia za kodi: mwanamume anatafuta shilingi za serikali, anakwenda kukata mkonge Tanga, ndio wale walioitwa manamba. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na shirika lao la kukusanya vibarua, SILABU, na Kigoma ilikuwa moja ya visima vyao vya watu. Mtu anapanda treni Kigoma hajui Kiswahili, anarudi baada ya miaka miwili, mitatu, anakizungumza kama maji, ana blanketi, na wakati mwingine ana jina jipya. Katika ukoo wetu ndugu wawili walikwenda pamoja. Mmoja alirudi amevaa kanzu, anaitwa Ramadhani. Mwingine alirudi na msalaba shingoni, anaitwa Petro. Walijenga jirani, wakala pamoja, wakabishana mpaka uzeeni, na wote wawili habari za dini waliambiwa na mwenzao wa kambini, jioni, wakisubiri ugali uive. Hakuna mhubiri aliyewafuata na kitabu.

Njia ya tatu ni ya mpakani, nayo ndiyo iliyofika kwa Bibi.

Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Wakakaa wakisoma Biblia na kuomba, kila mmoja akimweleza mwenzake jinsi moyo wake ulivyokauka. Daktari akarudi hospitali yake ya Gahini, Rwanda. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alifanya kazi huko huko mpaka alipofariki ghafla Januari 1936. Kutoka Gahini moto ule ukaenea: Uganda, Burundi, Bukoba, Kenya. Uliitwa uamsho. Wenyewe walijiita waliookoka, au ndugu tu. Wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, ulivuka mipaka bila kutafsiriwa, mpaka leo vikongwe wa kwetu wanauimba na hawajui neno jingine la Kiganda.

Watu hawa walikuwa na tabia moja iliyowaudhi wengi: walitubu kwa mdomo, mbele za watu, na kwa kutaja. Aliyeiba alisema nimeiba nini na kwa nani, kisha alikirudisha. Hata wakuu wa kanisa hawakuwapenda wote. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha teolojia cha Mukono, Uganda, kwa sababu ya ukaidi wa kukusanyika kusali alfajiri na kuhubiri. Lakini ndugu hawakuhitaji chuo. Walikutana njiani, sokoni, kisimani. Kwa Muha salamu yenyewe ni shughuli: unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za nyumba yote mpaka mbuzi. Mtu aliyeokoka alipoulizwa "habari za nyumbani" alijibu kweli. Hapo hapo ushuhuda umeanza.

Sasa jembe.

Bibi alikuwa mke mkubwa wa Babu. Alikuwa na jembe alilolipenda, mojawapo ya yale yaliyokuja na mahari, na zamani jembe kwa Waha lilikuwa mali ya kuhesabiwa. Msimu mmoja wa njaa jembe likapotea shambani. Bibi alitafuta, akauliza, halafu akasema lililokuwa moyoni mwake tangu siku mke mdogo alipoingia kwenye boma: "Ni huyu." Mke mdogo akaapa. Babu akasikiliza upande mmoja. Mwisho wake yule mama alifunga mzigo, akambeba binti yake mgongoni, akarudi kwao upande wa Kakonko. Bibi akabaki na nyumba peke yake. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuona vibaya hata kidogo.

Ikapita miaka kama sita. Asubuhi moja, ukungu haujaondoka, mwanamke wa kilima cha pili akaja, akasimama uani akapiga makofi. Mwakeye. Bibi akaitikia. Mwanamke hakukaa. Alifungua kanga, akatoa jembe. Lilikuwa limelika mpaka limebaki kama kijiko kikubwa. Pembeni akaweka kikapu cha maharage.

"Mama, jembe hili ni lako. Nililichukua mwaka ule wa njaa. Nimelilimia muda wote huu. Nilikuwa Burundi kuuguza ndugu yangu, nikakutana na ndugu walionieleza habari za Yesu, na Yesu amenikamata. Maharage haya ni ya pale lilipolika."

Mjukuu anasikiliza, anangoja sasa Bibi apige magoti alie. Hapana. Bibi alimtazama yule mwanamke akamwambia: "Kwa nini hukulitupa mtoni?"

Nilimwuliza Bibi mara nyingi kwa nini alisema hivyo. Akanijibu siku moja tu. Alisema mwizi alikuja kutua mzigo wake, akaondoka mwepesi, mzigo akamwachia yeye. Maana kama jembe lilikuwa kilima cha pili, basi mke mwenzake aliapa kweli. Bibi akalificha jembe darini, juu ya mahindi. Babu hakuambiwa. Yule mwanamke akawa anapita kila wiki, anasalimia, anauliza hali, anateka maji na Bibi kisimani, wala hagusii jembe. Bibi alisema huko ndiko alikohubiriwa. Misimu miwili mizima ya kuteka maji.

Hapa huwa namkumbuka Festo Kivengere, mwalimu wa Kigezi aliyekuja kufundisha Dodoma kwa miaka mingi, akawa askofu baadaye, na mwaka 1977 akamkimbia Idi Amin. Alipookoka ujanani alipanda baiskeli mwendo wa maili kama 50 kwenda kumwomba msamaha Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia. Alisimulia mwenyewe habari hiyo sehemu nyingi, na watu waliipenda. Nadhani tunaipenda kwa sababu inaishia mlangoni kwa yule Mzungu, watu wameshikana mikono. Ya Bibi haikuishia mlangoni.

Baada ya misimu hiyo miwili alimwambia Babu. Babu alikaa kimya siku nzima, kisha akasema, "Wewe ndiye uliyesema, wewe ndiye utakayekwenda." (Babu hakuwahi kusema ni nani aliyesikiliza upande mmoja. Hilo nimelibeba mimi mjukuu wake.) Bibi akatembea siku mbili mpaka Kakonko, jembe kichwani limefungwa kwenye majani ya mgomba. Akapokewa. Akaeleza. Akapewa uji. Akarudi. Muda mfupi baadaye akaanza mafundisho ya ubatizo, na nyumba yetu ikawa ya kwanza ya waliookoka upande ule wa Murungu. Watu walikuja kuangalia huyo mwanamke aliyejishtaki mwenyewe, na wengine hawakuondoka. Ukihesabu leo, nusu ya majina kwenye rejista ya ubatizo yanatoka kwenye nyumba zilizokuwa zikiteka maji kisima kile.

Hivyo ndivyo Bibi alivyoisimulia, na hivyo ndivyo nilivyowapelekea wazee. Lakini baada ya kijitabu kutoka, roho haikutulia. Nikapanda basi kwenda Kakonko kumtafuta shangazi, yule aliyeondoka mgongoni mwa mama yake.

Nilimkuta, mzee sasa, anaanika maharage. Nilipojitaja akanishika mikono yote miwili, hakuiachia upesi. Nikamwuliza kama anakumbuka siku Bibi alipokuja. Akasema anakumbuka vizuri, alikuwa binti wa kutumwa maji.

"Mama yako mkubwa alilia sana. Mama yangu hakulia. Alimpikia uji, akamsindikiza mpaka njia panda. Aliporudi ndani akaniambia: jembe limerudi nyumbani, mimi je?"

Nikauliza kama Bibi hakumwomba arudi. Shangazi akasema alimwomba, lakini Babu hakuja wala hakutuma mtu, na mwanamke harudishwi na mke mwenzake. Mama yake aliishi pale mpaka mwisho. Hakubatizwa kamwe. Kila mwalimu wa dini aliyepita alimkaribisha, alimpa kiti na chakula, na aliwaambia kuwa ameshausikia ujumbe wenyewe, uliletwa na mtu anayemfahamu.

Shangazi mwenyewe ni Mkatoliki. Nilimwuliza nani alimvuta. Akasema ni katekista mmoja mlemavu wa mguu, aliyekuwa akipita hapo akichoka, anaomba apumzike kivulini. Mama yake ndiye aliyesema, "Nenda ukamsikilize mtoto, huyu hajawahi kunidai kitu."

Nilitamani kuirudisha sura hii kwa wazee wa jubilei, nikijua jibu lao. Nikanyamaza, nikamsaidia kugeuza maharage. Baadaye akaniuliza jembe liko wapi siku hizi, angependa kuliona.

Ilibidi niseme ukweli. Baba mdogo aliliuza, pamoja na sufuria kuukuu na rimu ya baiskeli, kwa kijana aliyepita akinunua chuma chakavu. Lilipimwa kwa kilo.

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza kama nimekula.