Shule: Neno Lililobaki Wajerumani Walipoondoka Usambara

Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliiteka Wilhelmsthal, makao ya wilaya ambayo Wajerumani waliyapa jina la Kaisari wao. Jina hilo likafa na utawala uliolileta, mji ukabaki kuwa Lushoto. Lakini Wajerumani waliacha nyuma neno ambalo kila mtoto wa Usambara hulitamka asubuhi akishuka mlima na madaftari yake: shule.

Kabla yao, mtoto wa pwani alipelekwa chuoni kusoma Kurani, na chuo kilikuwa pia kitabu chenyewe. Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifika Mlalo, huko Usambara. Mwaka 1895 misheni ikafika Vuga, makao ya wafalme wa ukoo wa Kilindi. Wakati huohuo, chini mjini Tanga, serikali ilikuwa imeanza kufundisha kwa Kiswahili bila kushikamana na kanisa. Huko ndiko walikotoka makarani, walimu na maakida wengi, na naamini hao ndio waliolikita neno. Kwao shule haikuwa amri ya mgeni. Ilikuwa kazi yao na heshima yao. Waingereza walipoingia waliwahitaji watu haohao, wakawachukua pamoja na msamiati wao. Hela nayo ilisalimika hivyo: ilianza kama sarafu ndogo ya Wajerumani, mia moja kwa rupia, na leo ni fedha yoyote mfukoni.

Zanzibar, iliyokuwa chini ya Uingereza tangu 1890, ilichukua njia nyingine. Huko wanasema skuli mpaka leo, na vibao vya serikali vimeandikwa hivyo. Mpaka uliochorwa Ulaya umebaki katika neno moja.

Hata hivyo shule na skuli ni ndugu wa tumbo moja. Waingereza wa kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, walisema scol. Walilipata kwa Kilatini, schola, lugha ya kanisa na ya vitabu. Wajerumani nao wakachota humohumo. Warumi walikuwa wamelitoa kwa Wagiriki, ambao neno lao la asili lilimaanisha wasaa, yaani muda ambao mtu hana kazi ya kumbana. Mwenye wasaa alikaa akajadiliana na wenzake, mazungumzo yakawa mafunzo, na mwishowe mahali penyewe pakabeba jina.

Kenya, iliyotawaliwa na Waingereza, nayo inasema shule. Kamati ya lugha iliyoanza kazi 1930 ilitaka maandishi ya Afrika Mashariki yafanane, na vitabu vya darasani vikalieneza neno hata pale ambapo Mjerumani hakuwahi kufundisha.

Chuo nacho hakikupotea. Kilipanda daraja, kikawa mahali pa masomo ya juu. Katika Lushoto yenyewe, mji uliokuwa wa Kaisari, leo mahakimu na makarani wa mahakama husomea katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama.